Mwaka Nilioigiza Mtoto Asiyesema

Tulimzika Mama Neema Jumamosi iliyopita, na baada ya mazishi tukakaa katika ukumbi wa kanisa lao kule Isipingo, kusini mwa Durban, tukila wali na maharage kwenye sahani za karatasi. Wengi walikuwa Wakongo wenzake. Wa darasa letu la zamani tulikuwa wanne tu. Thandeka, ambaye sasa ni mwalimu mkuu msaidizi na amenenepa kwa namna inayompendeza, alinijia mikono imefunguka akaniita "Lwazi!" Wale wawili wengine nao wakaniita Lwazi. Hakuna aliyekumbuka jina langu, na sikumlaumu yeyote, kwa sababu mwaka mzima tuliokaa pamoja hilo ndilo jina lililoitwa pale darasani. Lwazi alikuwa mtoto wa miaka mitano. Hakuwahi kuzaliwa. Nilipewa nimuigize nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, na nilimuigiza kwa uaminifu kiasi kwamba watu wamemkumbuka yeye na kunisahau mimi.

Chuo chetu kilikuwa cha jamii, yaani kilipokea watu wazima ambao shule iliwaishia njiani, na moja ya kozi zake iliandaa walimu wa madarasa ya awali. Mimi, niliyetoka Tanzania kutafuta maisha, nilikuwa nikipakua maboksi ya vigae kwenye ghala asubuhi. Yale machache niliyoyajua niliyapata kwenye vitabu vya mitumba, nikisoma kila kimoja kuanzia ukurasa wa kwanza hata kama ni cha ufugaji wa kuku. Niliingia chuoni kwa mtihani wa kujiunga. Darasa letu lilikuwa ghorofa ya juu ya nyumba ya zamani kwenye mteremko wa Berea, na kwa kuwa asubuhi chumba hicho kilikuwa cha watoto wa kweli, viti vilikuwa vya watoto. Tulikaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Ukutani kulikuwa na alama za viganja vidogo vilivyochovywa rangi, na kila alama chini yake jina. Dirisha lililokuwa upande wangu lilitazama robot ya kona, yaani taa za barabarani, mahali teksi zilipopiga honi taa ikiwaka nyekundu, na zilipopiga honi tena ikiwaka kijani. Kulikuwa na harufu ya gundi, ya maziwa yaliyomwagika siku nyingi zilizopita, na ya viatu vyetu sisi watu wa kazi.

Mwalimu wetu alikuwa Mam Reddy, mama wa Kihindi wa hapahapa Durban aliyewahi kuongoza shule ya watoto wadogo, aliyevaa sweta hata Februari joto linapoyeyusha lami. Siku ya kwanza alipitisha bakuli la bati lenye vikaratasi vilivyokunjwa. "Mkifundishana nyinyi kwa nyinyi hamtajifunza kitu," alisema. "Watu wazima hujibu kwa adabu. Mtoto hajibu kwa adabu." Kwa hiyo kila mmoja wetu angechukua mtoto mmoja na kuwa mtoto huyo mwaka mzima, kila mwenzake anaposimama mbele kufanya somo la mazoezi. Thandeka alipata mtoto anayelia akiachwa. Mama Neema, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa akisuka nywele kwenye chumba cha nyuma cha duka moja karibu na Point, alipata mtoto anayefinya wenzake, akaanza kazi papo hapo kwa kumfinya Thandeka. Karatasi yangu ilisema: Lwazi. Nyumbani anaongea. Shuleni haongei. Mam Reddy aliniinamia akaniambia kwa sauti ya chini kidogo kuliko aliyowaambia wengine: "Atasema siku kitu humu ndani kitakapomtoa sauti chenyewe. Usimsaidie mwalimu kwa huruma. Ukimhurumia umemfundisha uongo, naye ataupeleka kwa watoto wa kweli."

Sasa ninapolitazama jambo hili naona kwamba agizo lile alipewa mtu asiyefaa kabisa kupewa. Mtu aliyejifunza peke yake huwa na heshima kubwa mno kwa kanuni, maana hajawahi kuwa na mtu pembeni wa kumwambia ipi inaweza kulegezwa. Mwenzangu mwingine angenyamaza wiki mbili, kisha siku ya mvua angemwonea mtu huruma akasema neno, na dunia isingeanguka. Mimi nilikaa kwenye kiti kile cha dirishani nikapima kila somo kana kwamba ninapima vigae vilivyopasuka. Niliona kwamba walimu wengi husimama karibu na meza na kutazama katikati ya chumba. Niliona kwamba anayeogopa ukimya huuliza swali, halafu hulijibu mwenyewe kabla mtoto hajavuta pumzi. Niliona ile sauti tamu wanayoitoa wakimfikia mtoto mgumu, "Na Lwazi wetu je?", na darasa zima linageuka kumtazama, na mtoto ambaye pengine alikuwa karibu kusema anafunga mlango. Sikuigiza. Nilipoitwa kwa sauti ile, kweli niligeukia dirisha.

Tatizo ni kwamba Mam Reddy alitoa alama kwa kila somo kufuatana na watoto waliofikiwa. Mtoto wa Thandeka akinyamazishwa, alama. Mfinyaji akipewa kazi ya mikono, alama. Mimi nilikuwa pengo lilelile kwenye karatasi ya kila mtu. Mwanzoni walicheka. Kufikia Mei walianza kunisubiri ngazini.

"Bhuti, hivi sisi tumekukosea nini?" Thandeka aliniuliza siku moja, mkoba kifuani, wenzake wawili nyuma yake. "Neno moja tu. Sema 'ndiyo, Mam.' Hata 'hapana.'"

"Hukumfanya aseme," nikamjibu.

"Nani?"

"Lwazi."

"Eish! Lwazi hayupo! Ni wewe umekaa pale na ndevu zako!"

Kuanzia hapo salamu zilipungua. Watu walipogawana karanga wakati wa mapumziko mkono ulifika kwa jirani yangu ukarudi. Sikujiona ninaonewa. Nilifikiri hivyo ndivyo mambo yanavyokuwa ukifanya kazi sawasawa.

Nyumbani kwangu hakukuwa tofauti sana. Nilipanga chumba katika nyumba kubwa ya zamani palepale Berea, iliyokatwakatwa kwa mbao nyembamba. Changu kilikuwa baraza lililozibwa kwa vioo, kwa hiyo kila aliyepita uani aliniona nikila. Nilikula mara nyingi robo mkate uliochimbwa ndani na kujazwa mchuzi wa maharage, ule wanaouita bani, kwa sababu haukuhitaji sahani wala mtu wa kula naye. Upande wa pili wa mbao waliishi Shabani na binamu yake, vijana wa Tanga waliouza kofia na mikanda South Beach. Nilijua habari zao zote na wao hawakujua yangu hata moja. Nilijua nani kamnunia nani, na kwamba binamu alipika ugali mbichi, na kwamba Shabani alimdanganya mama yake kwa simu kuwa ana duka lenye mlango wa kioo.

"Muulize mwalimu kama ana chumvi," nilimsikia binamu akisema jioni moja.

"Nani, yule wa chekechea? Yule hasemi. Utabisha hodi mpaka chumvi ishuke bei."

"Mwanaume mzima anasomea kufuta makamasi."

"Acha, bwana. Wenzako wakifuta makamasi wanaitwa mwalimu. Wewe unauza mikanda na suruali yako inaanguka."

Walicheka sana, na mimi pia nilicheka upande wangu, kimya, mkono mdomoni. Chumvi nilikuwa nayo. Niliishika ile chupa nikasimama nikiwaza namna ya kuanza, kwamba nitasema "Nimesikia mnahitaji chumvi", na kwamba basi watajua ninawasikia siku zote. Nilipomaliza kuwaza walikuwa wameshakula.

Aliyeniita kwake ni Mama Neema peke yake. Alikaa ghorofa ya tisa kwenye jengo moja la South Beach, chumba kimoja kilichogawanywa kwa mapazia kati ya familia tatu, na Jumapili moja ya Agosti alinipa fufu na sombe, ile tunayoiita kisamvu, kwenye sahani iliyokuwa na maua. Nyuma ya pazia letu Neema, aliyekuwa darasa la tano, alikuwa akisoma majedwali kwa sauti. Nyuma ya pazia jingine mtu alikuwa akigombana na redio. Mama Neema alinitazama nikila.

"Mutanzania, weye unaogopeshaka batu," akasema. "Ule mutoto wako, angekuwa wa kweli, angeshasema zamani."

"Hakuna aliyefanya kitu cha kumsemesha."

"Hata miye?"

"Hata wewe, mama."

Alicheka akapiga paja. "Bon. Angalau uko mukweli. Na weye je? Weye nani atakusemesha?"

Nilitafuta jibu kwa muda mrefu kupita adabu, hadi Neema nyuma ya pazia akafika saba mara tisa.

"Unaona?" akasema mama yake. "Njo vile. Kula."

Masomo yangu mwenyewe yalikuwa mabaya. Lazima niseme hivyo kwa usahihi: hayakuwa na kosa, na yalikuwa mabaya. Siku unayofundisha wewe, mtoto wako huhesabiwa hayupo, kwa hiyo mimi peke yangu nilifundisha darasa lisilo na mtoto bubu, na bado sikuweza kulishika. Mwezi wa kumi Mam Reddy aliniita kwenye jiko dogo la walimu, akanimiminia chai bila kuniuliza kama nataka, akasema, "Unafundisha kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa." Somo la mwisho lilikuwa Novemba, na angekuja mtahini kutoka nje. Shule moja ndogo ya Isipingo ilikuwa imeahidi kunichukua Januari kama msaidizi wa darasa la awali, kwa sharti kwamba nifaulu somo hilo. Nilikuwa nimeshakwenda kuiona. Nilisimama mlangoni nikatazama vile viti vidogo vya rangi na vikapu vya kamba vilivyoning'inia kwenye misumari, kila msumari na picha ya mnyama, nikataka kufanya kazi humo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nisipofaulu, ningebaki kwenye vigae. Mam Reddy alijua yote hayo. "Una kichwa," akasema. "Sijui kama una watoto."

Asubuhi ya somo langu niliwahi kufika, nikawa nimeinama chini ya ngazi nikijaza beseni maji kwenye bomba la uani, ndipo nikawasikia wakipanda juu yangu.

"Leo na yeye aonje," ilikuwa sauti ya Thandeka. "Hakuna kujibu. Wote Lwazi."

"Hata akiuliza majina yetu?"

"Hata akiuliza kama jengo linaungua."

Wakacheka. Mtu akauliza, "Na yule Mkongo?" Thandeka akasema ameshaambiwa.

Ningeweza kumwambia Mam Reddy. Nilifikiria hilo huku beseni likifurika. Lakini walichokusudia kilikuwa ndani ya kanuni: mtoto asiyesemeshwa hasemi. Nilipanda na beseni langu, maji yakinimwagikia viatuni.

Somo lilikuwa la vitu vinavyoelea na vinavyozama. Mtahini, mwanaume mwembamba mwenye tai ya kahawia, alikaa nyuma karibu na mlango. Niliwasalimia watoto. Hakuna aliyeitika. Niliinua ufunguo nikauliza ni nini hiki. Watu wazima wote wale walikaa mikono imekunjwa kwenye vile viti vya rangi, wakanitazama kama picha. Mtoto wa Thandeka hakulia. Mfinyaji hakufinya. Niliuliza mara ya pili, na nikasikia mwenyewe sauti yangu ikianza kuwa tamu. Nje robot ilibadilika, teksi zikapiga honi. Mtahini aliandika kitu.

Sikupata ujasiri wowote pale. Nataka hilo lieleweke. Nilichopata kilikuwa karibu na uchovu. Nilijua chumba kile kinavyoonekana ukiwa umekaa upande wa pili, nilijua kwamba swali la tatu lingekuwa baya kuliko la pili, na nikashindwa kuliuliza. Basi nikaacha kuuliza. Nililishusha beseni sakafuni katikati yao, nikakaa chini kando yake, nikawageuzia ubavu, nikaanza kufanya kazi kana kwamba niko peke yangu kwenye baraza langu la vioo. Ufunguo ukazama. Kizibo kikaelea. Chungwa zima likaelea, likizunguka polepole. Nikachukua chungwa la pili nikaanza kulimenya, bila haraka, harufu yake ikajaa chumbani, na nilipolimaliza nilinyoosha mkono bila kutazama nikamwekea mkononi aliyekuwa karibu. Alikuwa Mama Neema. Nilisikia kiti chake kikilia. Aliinama akaliachia majini, na chungwa lile lisilo na ganda likaenda chini moja kwa moja kama jiwe.

"Yesu wangu! Imezama!"

Alipaza sauti kwa Kiswahili cha kwao, mikono kichwani. "Mais, umelivua nguo, limekuwa nyepesi, na njo linazama? Juu ya nini?" Halafu akakumbuka alipo, akayarudia hayo kwa Kiingereza akiwageukia wenzake.

"Umelitupa kwa nguvu," Thandeka akasema. Aliona amesema, akafunga mdomo, kisha akaona haina maana tena. "Weka polepole. Lete, nifanye mimi." Akaja na kiti chake mkononi. Walikuja wote. Waliliingiza taratibu, wakalitoa, wakalirudisha kwa ubavu, mmoja akataka kulivika ganda lake tena, na mtoto wa Thandeka alilia kwa kukosa zamu. Mtahini alikuja pia, akachuchumaa nyuma yao, tai ikaingia majini.

Walipoondoka wote Mam Reddy alibaki akikunja sweta lake. "Sauti ile ya kwanza," akasema. "Ilikuwa ya kweli?"

"Ndiyo, Mam."

"Umejuaje?"

"Alipaza kwa lugha yake. Mtu akishtuka kweli hachagui lugha."

Alilifikiria hilo, akalikubali. Nilifaulu. Januari nilianza Isipingo, na nipo hukohuko hadi leo. Wengi wa wenzangu hatukuonana tena. Hatukuwa na ugomvi; hatukuwa na kitu kingine pia. Mama Neema alihamia upande huohuo baadaye, na tulikuwa tukikutana karibu na stendi ya teksi, yeye na kikapu cha nywele za bandia. Vijana wanaosomea ualimu wanapoletwa kwangu kwa mazoezi huwa ninawasimulia somo lile la chungwa, na mara moja au mbili niliwasimulia yeye akiwa amesimama palepale. Huwaambia kwamba niliona kwa macho yangu ukimya wa kweli ukivunjwa na mshangao wa kweli, bila huruma ya mtu. Yeye alikuwa akitikisa kichwa kukubali. "Njo vile," alikuwa akisema. "Njo vile kabisa."

Pale ukumbini Jumamosi Neema alikuwa akipita na sinia la soda. Ni mwanamke mzima sasa, ana watoto wake. Alinipa chupa, akasimama, akaniita mjomba kwa Kifaransa cha kwao.

"Tonton, si weye njo ule wa machungwa?"

Nikasema ndiye mimi.

"Mama alikuwa anatuambiaka juu yako. Ati ulichukua muchezo yetu, ukaifanya masomo."

"Mchezo upi?"

"Ile ya beseni. Kule Bukavu, mbele ya kutuogesha. Alikuwa anatumbukiza chungwa na ganda, halafu anatoa ganda anatumbukiza tena. Miye nilikuwa kadogo. Tulikuwa tunajua itazama, lakini tulikuwa tunangoja tu mama apige kelele."

Nilimuuliza kama ana hakika kwamba ilikuwa Bukavu. Nilimwambia kwamba kumbukumbu za utotoni huchanganyika, kwamba huenda mama yake aliwaonyesha baadaye, hapa Durban, baada ya lile somo langu.

"Hapa?" Neema alicheka, machozi yakiwa bado machoni tangu makaburini. "Tonton, South Beach tulikuwa na beseni gani? Tulikuwa na bafu moja, floor nzima, na batu wako inje wanagonga mulango."

Niliweka soda chini. Nilirudi nyuma kuyapitia yote kwa mpangilio, kama ninavyofanya siku zote: mikono kichwani, lugha aliyoichagua, kituo kidogo kabla ya kuwageukia wenzake. Alikuwa ameshaambiwa na wenzake anyamaze. Alijua kwamba kama angenieleza, hata mwaka mmoja baadaye, hata miaka kumi, ningekwenda kwa Mam Reddy kurudisha alama zangu.

"Alikuwa anapigaje hiyo kelele?" nikauliza.

Neema alitazama huku na huku, sinia mkononi, watu wakila. Kisha akavuta pumzi kwa ghafla, kwa mdomo wazi, akasema, "Yesu wangu! Imezama!", na wanawake waliokuwa meza ya jirani wakageuka kwa kishindo wakamtafuta Mama Neema.